Kuteleza kwenye barafu: kisu cha kiatu kinafuata mchezo, si bei

Barafu ya kuchezea haiko Goma, Bukavu wala Bunia. Ile tunayoijua ni ya friji, na ile ya vilele vya Ruwenzori inayoonekana kwa mbali siku mawingu yanapoachana. Lakini Wakongomani wanaoishi Montréal, Ottawa, Paris ao Bruxelles wanakomalisha watoto katika miji ambamo uwanja wa barafu ni kitu cha kawaida, kama kiwanja cha mpira kwetu. Mtoto anaenda mara moja na darasa lake, anarudi nyumbani akiomba viatu vyake mwenyewe. Akiendelea miaka miwili ao mitatu, kocha anawaambia wazazi ya kwamba viatu vya kwanza vimemaliza kazi yao. Sasa kiatu kitanunuliwa peke yake, na kisu cha chini peke yake.

Hapo ndipo feza inapopotelea. Jozi ya visu vya juu kabisa, bila kiatu, inaweza kupita dola 600 za Marekani. Pembeni yake kuko jozi ingine ya chini ya nusu ya bei hiyo, na kwa macho ya mzazi zote mbili zinang'aa sawasawa. Mzazi ambaye hajawahi kukanyaga barafu anafanya hesabu ya sokoni: cha bei kali ndicho kizuri. Katika mchezo huu hesabu hiyo inadanganya mara mingi, na anayelipa deni ni mtoto, kwa magoti na kwa vifundo vya miguu.

Kisu cha kiatu hakifanani na kisu cha jikoni. Ni kipande cha chuma cha pua chenye unene wa karibu milimita 4, na chini yake hakina makali moja, kina mawili. Katikati ya makali hayo kuko mfereji mdogo unaotoka mbele mpaka nyuma. Mtelezaji anayejua kazi yake hasimami juu ya yote mawili. Anaegemea makali ya ndani ao ya nje, na ni kuegemea huko kunakomchorea mstari wa duara kwenye barafu. Ukitazama kisu kwa ubavu utaona pia ya kwamba chini hakikunyooka. Kimepinda kidogo sana, kama muguu wa kiti cha kubembea. Na mbele kabisa, chini ya vidole, kuko meno.

Mambo hayo, meno, mpindo, mfereji, pamoja na unene na urefu wa mkia wa nyuma, ndiyo yanayotofautisha kisu na kisu. Jina la kampuni linakuja nyuma.

Tuanze na meno, sababu ndiyo yanayoogopesha wanaoanza. Mtoto anayejifunza anasukuma muguu mbele, jino la chini linagusa barafu, anaanguka kifudifudi. Kuna wazazi wanaopeleka kiatu kwa fundi ili jino hilo likatwe. Ni kuharibu kifaa. Jino la chini ndilo linalomsaidia mtelezaji kupata pahali pa kusimama anapozunguka kama pia ya watoto, na meno ya juu ndiyo anayoyachimba kwenye barafu ili kujirusha hewani. Hata miruko isiyoanza na meno inamalizika juu yake: mtelezaji anashuka kinyumenyume, meno yanagusa kwanza, kiisha uzito wote unalala juu ya makali ya nje. Kisu kisicho na meno mazuri kinamnyima mtoto vitu viwili anavyovitamani zaidi, kuruka na kuzunguka. Dawa ya kuanguka mbele ni kujifunza kusukuma kwa ubavu wa kisu, na kocha yeyote atalifundisha hilo katika majuma ya kwanza.

Meno si ya namna moja. Kuko yaliyokatwa wima, makubwa, yanayouma barafu kwa nguvu. Kuko yaliyokatwa kwa kupishana, kama wavu, ambayo yanashika vizuri bila kuvuta sana. Mwenye kuruka kwa nguvu na kasi mara mingi anapenda ya kwanza. Mwingine, aliyezoea ya pili, akibadilishiwa ghafla atajikwaa majuma mazima. Jino kubwa linagusa barafu mapema kuliko mwili ulivyotarajia, na mwili unakumbuka kile ulichozoea.

Kuhusu mpindo, watengenezaji wanaupima kwa futi, maana kisu ni kama kipande kidogo cha duara kubwa sana. Vipimo viwili vinavyotajwa zaidi ni futi 7, yaani mita 2,13 toka katikati ya duara hadi ukingoni, na futi 8, yaani mita 2,44. Tofauti inaonekana ndogo kwenye karatasi. Kwenye barafu si ndogo. Kisu cha futi 7 kimepinda zaidi, kinagusa barafu sehemu fupi, kwa hiyo kinageuka upesi na kinamsamehe mtoto anayejifunza mageuzo. Cha futi 8 kimenyooka zaidi, kinagusa sehemu ndefu, kinatulia mtelezaji akiwa na mwendo mkali na anaposhuka toka hewani.

Majina mawili yatasikika karibu katika kila duka, na yote mawili ni ya John Wilson, nyumba ya Sheffield, Uingereza, muji wa wahunzi ambao jina lake limeandikwa kwenye visu na vijiko duniani kote. Coronation Ace ina mpindo wa futi 7. Pattern 99 ina futi 8 na meno makubwa. Wenzao wa MK, ambao pia ni wa Sheffield, wana Professional ya futi 7 na Phantom ya futi 8. Kocha mmoja atampeleka mwanafunzi wake upande wa 7, mwingine upande wa 8, na wote wawili wanaweza kuwa na haki, kwa sababu mtoto mwenyewe anateleza namna yake. Mwenye kupenda kuzunguka na mageuzo madogo madogo, mwenye mwili mwepesi, mara mingi anafurahia 7. Mwenye nguvu, anayekimbia barafu yote kabla ya kuruka, anatafuta 8.

Na kwa wale wanaowaza ya kwamba bingwa lazima awe juu ya kisu cha bei kupita vyote: Yuzuru Hanyu wa Japani, aliyechukua medali ya zahabu ya Olimpiki mwaka 2014 huko Sotchi na mwaka 2018 huko Pyeongchang, aliteleza juu ya Pattern 99. Si kisu cha rahisi, lakini katika orodha ya bei ya kampuni hiyohiyo kuko vingine juu yake. Hanyu alihitaji meno makubwa na kutulia wakati wa kushuka, na hicho ndicho kisu hicho kinatoa.

Tukumbushe ya kwamba vifaa vya mchezo huu havikuzaliwa pamoja na miruko yake. Mwaka 1882, huko Vienne, Mnorvege Axel Paulsen aliruka kwa mara ya kwanza ule mruko unaoanza kwa uso mbele na wenye mzunguko mmoja na nusu, na aliuruka akiwa amevaa viatu vya mashindano ya mbio, visu virefu visivyo na meno. Mruko huo unaitwa Axel mpaka leo. Miaka 140 nyuma yake, mwezi wa tisa 2022, Ilia Malinin wa Marekani aliuruka kwa mizunguko minne na nusu katika mashindano ya Lake Placid, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya katika mashindano rasmi. Paulsen alikuwa na mwili wa ajabu, hakuna wa kubisha. Lakini mizunguko minne na nusu juu ya kisu cha mbio, hapana.

Kuko pia aina ya kisu iliyokaribia kufa pamoja na mchezo wake. Mpaka mwaka 1990, katika mashindano makubwa watelezaji walilazimishwa kuchora maumbo kwenye barafu, duara juu ya duara, umbo la 8, huku waamuzi wakiinama kuchunguza mistari. Kwa kazi hiyo walikuwa na viatu vya pekee: mfereji wa chini karibu sawa na kutokuwapo, na jino la chini limepunguzwa ili lisikwaruze barafu. Mzazi akiona kwenye intaneti jozi ya zamani ya bei nzuri yenye meno mafupi hivyo, ajue ni kisu cha mchoraji. Hakitafaa kwa kuruka.

Mchezo mwingine, kisu kingine

Dansi ya barafu ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi ya kwamba kisu kinafuata mchezo. Gabriella Papadakis na Guillaume Cizeron wa Ufaransa, waliopata zahabu ya dansi huko Beijing mwaka 2022, walikuwa wakifanyia mazoezi Montréal. Ukiwatazama wacheza dansi wa kiwango hicho utaona wanakaa karibu sana, goti kwa goti, miguu inapishana kasi na wakati mwingine nafasi kati ya kisu cha mwanaume na cha mwanamke inatoshea vidole viwili tu. Kisu chenye mkia mrefu kingekanyagwa na mwenzake, ao kingenasa nguo. Kwa hiyo kisu cha dansi kimekatwa mkia: nyuma kinakoma karibu na mwisho wa kisigino. Mara mingi pia ni chembamba kuliko cha kuruka, ili kutoka makali ya ndani kwenda ya nje kuwe kwa haraka, na meno yake ni madogo, sababu katika dansi hakuna miruko mikubwa.

Hasara yake ni nini? Mkia mfupi unaondoa msaada wa nyuma. Mtelezaji anayeshuka toka mruko wa mizunguko miwili na mgongo wake ukaanguka nyuma kidogo, mkia mrefu unamkamata. Wa dansi haumkamati, anakaa chini. Kwa hiyo mtoto wa miaka kumi anayependa dansi lakini ambaye bado anajifunza kuruka asinunuliwe kisu cha dansi, hata akililia. Atacheza dansi vizuri kabisa juu ya kisu cha kawaida mpaka siku atakapochagua.

Wale wanaoteleza kwa kundi, watu 16 wakishikana mikono na kupitana katikati ya mistari, wanakutana na hatari ileile ya kukanyagana. Kwao kuko visu vyenye mkia mfupi kama vya dansi lakini vyenye meno yanayofaa miruko midogo. Wanaoteleza wawili wawili, mwanaume akimwinua na kumrusha mwanamke, wanabaki kwenye visu vya kuruka, sababu anayerushwa anashuka kwa nguvu kuliko aliyejirusha mwenyewe.

Visu vya bei ya juu vina mambo mengine: vingine vimebanwa katikati na kuwa vipana kwenye ncha, vingine vinaanza vipana mbele na kupungua kwenda nyuma, vingine vina mwili wa aluminyo na chuma cha pua kwa chini tu, vikawa vyepesi. Ni vitu vya kweli, si hadisi za wauzaji. Lakini faida yake inasikika kwa mtu anayefanya mizunguko mitatu hewani. Kwa mtoto anayetafuta mzunguko mmoja na nusu, tofauti hiyo haifiki kwenye muguu, inabaki kwenye risiti.

Fundi wa kunoa

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wazazi hawaulizi na ambalo, kwa maoni yetu, linashinda jina la kisu: nani atakinoa?

Mfereji wa chini hautoki kiwandani kwa milele. Fundi anautengeneza upya kila anaponoa, kwa jiwe la mviringo linalopita kwa urefu wa kisu. Kina chake kinahesabiwa kwa puse, kama vile tunavyosema televizyo ya puse 32. Puse moja ni milimita 25,4. Watelezaji wengi wa kuruka wanakaa kati ya nusu puse na kipimo kinachopungua kidogo, yaani karibu milimita 11 hadi 13. Kuwa makini, hesabu inaenda kinyume: namba ikiwa ndogo, mfereji ni wa kina zaidi na makali yanashika barafu kwa nguvu zaidi. Namba ikiwa kubwa, kisu kinateleza kwa uhuru lakini kinashika kidogo.

Mtoto wa kilo 25 hana uzito wa kusukuma makali ndani ya barafu, kwa hiyo mfereji wa kina unamsaidia. Baba wa kilo 90 aliyeamua kujifunza pamoja na mtoto wake, na wako wengi, akipewa mfereji uleule atasikia kama barafu inamvuta muguu. Uzito wake peke yake unatosha kuzamisha makali. Yeye aombe mfereji wa juu zaidi, na goti lake litamshukuru kila anapogeuka.

Fundi asiyezoea visu vya mchezo huu anaweza kuharibu jozi nzima kwa dakika kumi. Tuseme ni mtu wa viatu vya hockey. Hivyo havina meno, kwa hiyo jiwe lake limezoea kupita toka ncha hadi ncha. Likila jino la chini, halirudi. Akikandamiza zaidi katikati, mpindo wa futi 8 unabadilika, na hakuna chombo cha kuurudisha. Akiacha chuma kipate joto jingi, makali yanapoteza ugumu na kuisha upesi. Na akiegemeza jiwe upande mmoja, makali ya ndani yanakuwa marefu kuliko ya nje: mtoto ataanza kuanguka kwenye mageuzo aliyokuwa ameshika, kocha atamgombeza, na kumbe kosa liko chini ya kiatu.

Hilo la mwisho mzazi anaweza kulipima mwenyewe. Geuza kiatu, lalisha kitu kilichonyooka, rula fupi ya chuma kwa mfano, juu ya makali mawili, kiisha tazama toka nyuma. Rula ikifanya pembe sawa na ubavu wa kisu, makali yako sawa. Ikiinama, rudisha kiatu kwa fundi bila haya. Wengi wananoa kila baada ya saa 20 hadi 30 hivi za barafu. Kusubiri mpaka muguu uponyoke ni kuchelewa, na kunoa kila juma ni kula chuma bure, sababu kila kunoa kunakipunguza. Kisu cha bei ya kati chenye fundi mzuri kitamfikisha mtoto mbali kuliko cha dola 600 kinachopelekwa kwa yeyote aliye karibu na kituo cha basi.

Urefu nao usisahauliwe. Kisu kinapashwa kufuata karibu urefu wote wa soli, toka mbele mpaka kisigino, bila kuzidi. Kununua kirefu ili mtoto akikulie, kama tunavyofanya na sare ya shule, hapa ni hatari: meno yanakaa mbele ya pahali vidole vinapoyatarajia. Anayefunga kisu kwenye soli afunge kwanza visi chache tu, katika matundu marefu yanayoruhusu kukisogeza. Mtoto ateleze siku kadhaa. Kama anasimama kwa muguu mmoja na kisu kinamvuta ndani ao inje bila yeye kutaka, kinasogezwa kidogo kwa turunevisi. Visi zilizobaki zinafungwa nyuma ya hapo.

Familia nyingi zitanunua vya mtumba, na hakuna ubaya. Watoto wa wengine wanakua upesi kama wa kwetu, na jozi iliyotumika mwaka mmoja na nusu inaweza kuwa bado na maisha. Linganisha picha ya kisu kipya cha aina hiyohiyo na kile ulichoshika: jino la chini liko pahali pake ao limeliwa? Chuma kimebaki kirefu ao kimekaribia mwisho? Kutu ya juujuu inaondoka fundi anaponoa. Kutu iliyochimba vishimo kwenye makali haiondoki, mwachie muuzaji. Na ukishanunua, nunua pia kitambaa cha kupangusa na vifuniko vya nguo vya kulalia visu. Vile vya plastiki ni vya kutembelea inje ya barafu tu. Kisu kikilala ndani yake na maji, asubuhi utakikuta na madoa ya rangi ya udongo.